Misumari Miwili

Benchi ndilo lililotangulia kung'oka. Seremala aliusikia mlio wake hata kabla pikapu haijamaliza kuinama: kwiii, mlio wa msumari unaotolewa kwenye mbao kwa nguvu, mlio aliousikia maisha yake yote ya kazi. Kisha gari likatumbukia kwa pua ndani ya korongo kavu, mchanga ukaruka juu kama moshi, na shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu mkewe, akateleza pamoja na benchi alilokalia mpaka mbele ya bodi. Benchi likambana mguu kwenye chuma.

Ukafuata mlio wa pili. Huo haukuwa wa mbao, ingawa ulifanana na fito kavu inayovunjiwa gotini.

"Mguu wangu," alisema yule mama polepole, kama mtu anayeulizia mzigo wake stendi. Ndipo alipopiga ukelele.

Walikuwa watatu tu. Dereva alikuwa mtu wa makamo, jina lake la utani Kona, kwa sababu hapakuwa na kona aliyopata kuipunguzia mwendo. Seremala alikuwa na miaka sitini na saba. Shemeji yake alikuwa na sabini na miwili, naye aliwapikia mafundi wa idara ya barabara kwa miaka thelathini, hata kila mtu akamwita Mpishi tu. Wote wawili wastaafu, wote wawili wakipelekwa makao makuu kwa amri. Mkubwa mmoja, aliyekaa chini ya feni yake, alikuwa ameandika barua kwamba kila mstaafu wa idara afike mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, kuthibitisha kuwa yu hai. Asiyefika ahesabiwe amekufa. Mkubwa huyo hakujiuliza watu watafikaje. Daraja la barabara kuu lilikuwa limebomoka tangu mwaka juzi, na kwenye makaratasi yao lilikuwa limekwisha kutengenezwa na kufunguliwa. Kwa hiyo Kona alikatiza nyikani.

"Tunakatiza kidogo tu, mama," alikuwa amesema asubuhi ile.

"Tunakatiza njia au tunakatiza maisha?" Mpishi alimuuliza, wakacheka yeye na Kona.

Sasa Kona alitoka kwenye usukani akiushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia. Mtulinga ulikuwa umekatika na ncha yake imeinua ngozi chini ya shingo. Aliinama, akatazama chini ya gari, akasonya. Ekseli ya mbele ilikuwa vipande viwili. Simu yake haikushika mtandao hata alipopanda juu ya paa.

"Barabara tumeiacha nyuma, kilomita ishirini na kitu," alisema. "Nikitoka sasa, jioni nimefika. Kesho asubuhi gari la idara litakuwa hapa."

Seremala akamfunga mkono kifuani kwa shati la Kona mwenyewe, akampa chupa ndogo ya maji. "Nenda moja kwa moja. Usikate kona."

"Mzee, leo nimekoma," alisema Kona, akaondoka akiwa amepinda upande kama mtu aliyebeba ndoo.

Ilikuwa saa sita mchana. Nyika ilikuwa tupu pande zote, kokoto na vichaka vya miiba vilivyokauka mpaka kwenye mizizi. Maji yaliyobaki yalikuwa dumu la lita tano, nalo halikufika nusu.

Mguu wa Mpishi ulikuwa umepinda kati ya goti na kifundo, pale kwenye muundi, na unyayo umetazama kando kana kwamba umemsusia mwenyewe. Ngozi haikupasuka. Hilo lilikuwa jambo jema pekee siku ile. Seremala alikuwa ameona mafundi wakivunjika huko kambini, akajua kwamba mguu uliopinda hunyooshwa kwanza ndipo ufungwe.

"Shemeji, nitauvuta."

"Uvute nini? Huo si mlango uliokwama!"

"Uma mtandio."

Akauvuta. Mama yule akauma mtandio wake mpaka meno yakasikika yakisagana, machozi yakamtoka bila sauti, na mguu ukanyooka. Seremala akaligeuza lile benchi lililong'oka ili atoe mbao mbili za kuushikiza. Alipoligeuza, akaganda.

Chini ya benchi, pale palipotakiwa kuwa na bolti nne kila mwisho, palikuwa na misumari miwili tu. Na pembeni yake, kwa penseli iliyofifia, palikuwa na duara lenye mstari katikati. Seremala huyu hakuwa hodari wa kuandika. Maisha yake yote alitia alama hiyo kwenye kazi zake badala ya jina.

Akakumbuka siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wake wa mwisho kazini. Msimamizi wa karakana alisimama mlangoni na kumwambia, "Bolti zimekwisha, piga misumari, gari linatoka kesho." Naye akajibu, "Sawa, mkubwa." Basi.

"Unatazama nini?" Mpishi aliuliza.

"Natazama mbao."

Akazing'oa. Ubao wenye alama akaulaza alama ikitazama ndani. Akachana sponji ya kiti cha dereva, akaizungushia mguu, akaweka mbao mbili kulia na kushoto, akafunga kwa kamba ya turubai. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo siku nyingi, havikuweza tena kukaza fundo. Akafanya alivyofanya karakanani alipounganisha fremu kwa gundi: akapenyeza spana kwenye kamba na kuisokota, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mbao zikalia. Mbao zilizotiwa gundi hukazwa namna hiyo, mpaka gundi yenyewe itoe jasho pembeni. Ndivyo alivyojua, na alijua kwa miaka arobaini.

"Unauma?"

"Ulikuwa unauma. Sasa hata siusikii."

"Vizuri," alisema Seremala, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia fundi. "Umeshika."

Akamtandikia chini ya kivuli cha gari. Waligawana maji kwa kifuniko cha dumu: kifuniko kimoja yeye, viwili shemeji yake, kila jua lilipohama upana wa kiganja. Usiku ukapita na baridi yake. Asubuhi wakakaa wametega masikio. Jua likapanda, likakaa utosini, likaanza kushuka upande wa pili. Hapakuja gari.

"Labda Kona amekufa," alisema Mpishi.

"Kona hajafa. Amefika, na amemkuta mtu mezani." Seremala akatema mate ambayo hakuwa nayo. "Namjua huyo mtu wa mezani. Ndiye aliyemuua mdogo wako."

Hadithi hiyo Mpishi aliijua. Mwaka uliotangulia mke wa Seremala aliteleza uani, akavunjika nyonga. Hospitalini wakaambiwa mashine ya picha ni mbovu, na ili kupelekwa kwenye hospitali kubwa sharti fomu isainiwe, na mwenye kusaini yuko semina. Siku tatu mgonjwa alilazwa kwenye benchi la ukumbini. Siku ya tatu Seremala aliporudi kutoka ofisi ya nne, akiwa na karatasi mkononi, alimkuta mkewe amefunikwa shuka mpaka usoni. Hapakuwa na mtu aliyekuwa naye.

"Shemeji," alisema Mpishi baadaye, "hebu nitazamie vidole vya mguu. Nimeota vimekatwa."

Seremala akapiga magoti. Magoti yenyewe yalisaga kama bawaba iliyoingia mchanga. Akafunua mtandio. Vidole vilikuwa vimevimba, vya rangi ya zambarau iliyokaribia weusi. Akavigusa. Vilikuwa baridi, katika joto ambalo chuma cha gari hakishikiki.

Akaminya ukucha wa kidole gumba. Ukabaki mweupe. Akaachia, akangoja. Ukabaki mweupe.

Mbao haina damu. Mbao huikaza ukaiacha ukaenda kulala, na asubuhi unaikuta imeshikana. Mguu ulikuwa unakufa kwa kufungwa na fundi.

"Ni mimi," alisema. "Nimekaza mno. Nimekaza kama fremu."

"Basi legeza, usinihutubie!"

Akaichomoa spana, kamba ikafyatuka. Damu iliporudi, maumivu nayo yakarudi yote kwa mpigo, na ukelele alioutoa Mpishi uliwarusha ndege waliokuwa juu ya kichaka mbali huko. Alimpiga Seremala kwa ngumi, kifuani na begani, akamwita majina ambayo mafundi wa kambi nzima hawakuwahi kumfundisha. Seremala akapokea ngumi zote huku akiusugua unyayo ule, akiupumulia pumzi za moto, akiminya ukucha, akiachia. Mweupe. Mweupe. Jua likahama kiganja kizima. Kisha chini ya ukucha pakaja wekundu kidogo, dhaifu, kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Umerudi," alisema, sauti imemkauka. "Shemeji, umerudi."

"Najua umerudi, mjinga wewe. Nausikia."

Akaufunga upya, safari hii akijaribu kila kamba kama inapitisha kidole. Mbao akaziweka alivyoziweka, lakini mmoja kwa haraka aliugeuza. Mpishi alikuwa akitazama.

"Hiyo alama naijua," alisema. "Iko kwenye kitanda changu. Iko kwenye jeneza la mdogo wangu."

Upepo ukapuliza mchanga juu ya miguu yao.

"Benchi hili nimelipiga mimi," alisema Seremala. "Misumari miwili. Nilijua halitashika. Msimamizi aliniamuru, nikasema sawa mkubwa, nikapiga, nikaenda kunywa chai. Na hospitalini vilevile. Waliniambia ngoja, nikasema sawa. Wangeniambia ruka, ningeuliza kwa mguu upi. Mwaka mzima nawalaani wao, na nyundo ilikuwa mkononi mwangu."

Midomo ya Mpishi ilikuwa imepasuka.

"Sikusamehe leo," alisema. "Leo nina kiu. Kuna maji kiasi gani?"

Seremala akainua dumu. Vifuniko vitano, sita.

Maji mengine waliyapata kwenye rejeta ya gari. Seremala alifungua kizibo cha chini, akakinga kwa sufuria ndogo ya Kona, akachuja kwa shati. Yalikuwa mekundu kwa kutu na yalinuka chuma, lakini yalikuwa maji matupu. Idara hainunui dawa ya rejeta, hujaza maji ya bomba tu na kuandika kwamba dawa imetiwa.

"Wizi wao umetufaa mara moja," alisema Mpishi, akanywa amefumba macho.

Asubuhi ya siku ya tatu, hewa ikiwa bado safi, Seremala akaona moshi. Ulikuwa mweupe, mnene, umesimama wima upande wa kusini, mwendo wa kilomita saba au nane. Moshi wa kuni si mweupe namna ile. Alitazama mpaka akaamini: tanuru la chokaa. Penye tanuru pana watu, na watu wana maji.

"Nenda," alisema Mpishi. "Niachie hayo ya kutu. Peke yako utafika mchana."

"Siendi peke yangu."

"Una magoti mabovu na mgongo mbovu. Suruali zako zinaburuza chini kwa vile umefupika. Utanibeba na nini?"

"Nilimwacha mdogo wako kwenye benchi nikaenda kutafuta msaada," alisema Seremala. "Mtu simwachi tena."

Akafungua boneti la gari kwa spana, nati moja moja, vidole vikimlilia. Akaligeuza chali, akatandika mto wa kiti, akamburuta shemeji yake juu yake na kuushikiza mguu pande zote kwa turubai. Kamba akaipitisha mabegani, akaikinga kwa sponji, akainama.

Boneti likasogea.

Alifuata mchanga wa korongo kwa sababu ulikuwa laini na ulielekea upande wa moshi. Hatua mia, pumzika. Hatua mia, pumzika. Jua lilipopanda zikawa hamsini. Kila alipoinuka, kitu kilisaga kiunoni, na goti la kulia likaanza kumpiga kisu. Kila walipopumzika alikwenda nyuma kwanza, akaminya ukucha, akaachia. Mwekundu. Ndipo alipojilaza.

"Unavuta kama punda mzee," alisema Mpishi.

"Punda hupewa maji kwanza."

"Punda hatoi maneno." Kisha baada ya muda, kwa sauti ndogo: "Daktari wa zahanati aliniambia mifupa yangu imekuwa kama mkate, nje pagumu, ndani matundu. Nilivunjika kifundo cha mkono kwa kuinua sufuria. Sufuria tu! Hata lingekuwa benchi la bolti kumi, labda ningevunjika."

"Labda."

"Nimesema labda. Usifurahi."

Mchana korongo likageuka, likauacha moshi. Ilibidi kupanda ukingo. Haukuwa mrefu, kimo cha mtu na nusu, lakini Seremala aliutazama kama ukuta wa gereza. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu goti likakataa, akaanguka kifudifudi, na boneti likateleza nyuma hadi chini. Mpishi akalia kwa uchungu. Maji yaliyobaki yakamwagika, mchanga ukayanywa papo hapo hata pasionekane ubichi.

Walitazama mahali pale pakavu.

"Sasa nenda," alinong'ona Mpishi. "Nimekusamehe. Umesikia? Nenda."

"Unanisamehe ili niondoke. Ujanja huo naujua."

Akavua shati. Akalifunga kwenye kamba ili kuirefusha, akapanda ukingo kwa mikono, kamba mdomoni, mpaka akafika kwenye shina la kichaka kilichokufa. Akaizungusha kamba kwenye shina. Akaichukua spana ile ile, akaipenyeza, akaanza kusokota. Mzunguko baada ya mzunguko, kwa mtindo ule ule uliokaribia kuua mguu, kamba ikafupika na boneti likapanda, shubiri kwa shubiri. Alipochoka aliikanyaga spana kwa mguu isirudi. Kiganja kikachunika. Hakuacha. Shina lililia, lakini mizizi ilishika.

Boneti lilipofika juu, hakuwa na nguvu hata ya kuliondoa ukingoni. Alilala kando yake, akanyoosha mkono, akaminya ukucha.

"Mwekundu?" Mpishi aliuliza.

"Mwekundu."

Mwanamke mponda mawe wa tanurini, aliyetoka na mkokoteni wake kutafuta kuni, ndiye aliyewaona. Kwanza aliona boneti likimetameta, akadhani ni ajali ya gari, akashangaa gari lenyewe liko wapi. Alikuwa mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi visigino, na Seremala alipomwona anakuja alidhani wamekwisha kufa. Yule mama hakuuliza fomu wala kitambulisho. Alifungua dumu lake.

"Kidogo kidogo, baba," alisema. "Usibugie."

Hospitalini, walikopelekwa kutoka tanurini, walimkuta Kona, mkono umefungwa, macho mekundu. Alikuwa amefika makao makuu usiku ule ule wa kwanza, kwa lifti. Ofisa wa zamu alimwambia gari la pili halitoki bila saini ya mkubwa, na mkubwa yuko semina mpaka Jumatatu. Kona alilala mlangoni pa ofisi siku mbili. "Nilipiga meza, mzee," alisema, na uso ulimkunjika. "Nilipiga meza mpaka wakanitoa nje." Seremala akamshika bega lile zima. Mwenzake huyu angalau alipiga meza.

Mguu wa Mpishi ulifungwa plasta. Safari hii Seremala hakukaa ukumbini na kusema sawa. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha picha kama kabati, hata mhudumu akaona ni rahisi kupiga picha kuliko kumwondoa. Daktari aliwaonyesha: mifupa myembamba, mfupa umekatika, lakini ncha zimekutana vizuri. Akawaeleza kwamba mfupa hujitengenezea uji wake, uji ule hugeuka kamba laini, kamba hugeuka mfupa, na kwa mtu wa umri ule kazi hiyo huenda polepole, hata miezi minne au mitano.

"Gundi," alisema Seremala.

"Gundi," daktari alikubali. "Ila hii haipendi kukazwa."

"Amekwisha jua," alisema Mpishi.

Mwezi wa tano tangu ajali Mpishi alitembea, kwa mkongojo, mguu umepungua kidogo urefu, naye Seremala mgongo umezidi kuinama, hivi kwamba wakifuatana walionekana kama watu wanaotafuta kitu chini. Asubuhi hiyo waliingia kwenye yadi ya idara. Walikuwa wamekwisha kuandikwa wamekufa, wote wawili, kwa kutofika, lakini hawakwenda kwenye dirisha la uhakiki. Walipita moja kwa moja hadi karakana, palipokuwa na pikapu tano zimeegeshwa.

Seremala akaweka chini mfuko wake. Ulikuwa na bolti na nati, na kekee ya kutobolea mbao. Akapanda kwenye pikapu ya kwanza, kwa shida, goti likisaga, akaligeuza benchi. Misumari miwili. Alama ya duara. Akang'oa.

Msimamizi akatoka mbio. "Wewe mzee! Nani amekuruhusu?"

"Hakuna," alisema Seremala, akaanza kutoboa.

"Mkubwa akija utamwambia nini?"

"Mwambie ni mtu aliyekufa anatengeneza benchi. Karatasi anayo."

Msimamizi akamtazama Mpishi, aliyekuwa amesimama mlangoni ameegemea mkongojo wake, njia nzima ameiziba. Akarudi ndani. Seremala akatia bolti nne mwisho huu na nne mwisho ule, akakaza mpaka zikafika, hakuzidisha. Akatoa penseli sikioni, akachora duara na mstari. Kisha akamshika shemeji yake mkono, akampandisha.

Mpishi akakaa. Akajisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akajiinua na kujibwaga kwa uzito wake wote. Benchi halikulia. Akalipiga kwa mkongojo, akasikiliza, amekunja uso kama alivyokuwa akionja chungu cha kambi.

"Ongeza moja," alisema.

Seremala akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi, na kicheko kilimtoka na kutu kama maji ya rejeta. Akainama, akaichukua kekee.